Sampuli ya mlango wa kizazi ikikudanganya: kutoka dalili hadi chanzo

Damu ya mkononi haina kinyongo. Ukivuta mililita tano leo, ukirudi baada ya wiki mbili utaikuta ilivyokuwa. Mlango wa kizazi hauko hivyo. Brashi hukwangua ukuta uleule unaotaka kuupima. Maji ya suuzo, yanayomwagwa ukeni na kuvutwa tena, huondoka na ute, asidi na protini za kinga zilizokuwa zimeutanda. Biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha tishu, huacha kidonda. Kila kifaa kinachukua kitu na kuacha alama, na alama hiyo inaweza kutokea kwenye matokeo yako ikiwa imevaa nguo za ugunduzi.

Makosa haya yana uzito kwa sababu ya maswali tunayouliza. Jaribio la CAPRISA 004 la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, lililopima jeli ya tenofovir na kutangazwa 2010, liliacha akiba ya sampuli. Sampuli hizo baadaye zilionyesha kwamba wanawake wenye inflamesheni (kinga iliyowashwa) katika njia ya uzazi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata VVU. Jijini Nairobi, kundi la Pumwani la wanawake wanaofanya biashara ya ngono limefuatiliwa tangu 1985 na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada. Humo wamo wanawake waliokutana na virusi mara nyingi bila kuambukizwa, na moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba seli zao za kinga zimetulia. Hoja zote mbili zinasimama juu ya tofauti za pikogramu na asilimia. Muuguzi akizungusha brashi mara tatu kwa mshiriki mmoja na mara moja kwa mwingine, tofauti ya kutosha kuandikia makala tayari imetengenezwa pale kitandani.

Mwongozo huu ni wa watu wa kliniki na wa maabara kwa pamoja. Dalili huonekana maabara, chanzo mara nyingi kiko kliniki, na pande hizi mbili huwa hazizungumzi hadi mambo yaharibike.

Kwanza, mpangilio wa ziara

Kabla ya kufuata dalili yoyote hapa chini, angalia nini kilitangulia nini. Mpangilio unaofaa huanza na kisichogusa na kuishia na kinachojeruhi. Kikombe cha hedhi, kama kinatumika kukusanya majimaji, mshiriki anakiweka mwenyewe kabla spekula (chombo cha kufungulia uke) haijaingia. Kisha spekula iliyolowanishwa kwa maji ya uvuguvugu tu, bila jeli. Swabu ya ukuta wa pembeni wa uke ndiyo ya kwanza: ya pH, ya kioo cha Gram kwa alama za Nugent (zinazoonyesha bakteria wa uke wamevurugika kiasi gani), na ya bakteria. Zinafuata sponji au swabu za ute wa mlango wa kizazi, halafu suuzo, halafu brashi. Biopsi ni ya mwisho kabisa.

Ukipima pH baada ya suuzo umepima salaini. pH ya uke wenye laktobasilasi (bakteria wazuri wa uke) wa kutosha ni kati ya 3.5 na 4.5, maji ya fosfeti yenye pH 7.4 yanaifuta habari hiyo kwa sekunde.

Suala la siki lisisahaulike. Kliniki nyingi za Kenya na Tanzania hutumia ziara hiyohiyo kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi kwa asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Ni huduma nzuri, na mshiriki anastahili kuipata. Lakini siki inagandisha protini (ndiyo maana tishu isiyo ya kawaida hugeuka nyeupe), na sampuli ya saitokini (protini ambazo seli za kinga hutumiana ujumbe) iliyochukuliwa baada yake haina thamani. Siki na iodini ya Lugol zitangulie biopsi ikiwa zinaelekeza mahali pa kukata, lakini zije baada ya sampuli nyingine zote za kinga.

Dalili: ziara ya pili saitokini zimepanda kwa karibu kila mtu

Hii ndiyo dalili inayopotosha kuliko zote, kwa kuwa inafanana kabisa na matokeo ambayo mtafiti alikuwa akiyatafuta. Wanawake wamepewa dawa au jeli kati ya ziara ya kwanza na ya pili, IL-8 na IL-1, saitokini za inflamesheni, zimepanda, na hitimisho linakuja haraka: dawa inachochea inflamesheni. Huenda ni kweli. Huenda pia ni brashi ya ziara ya kwanza.

Ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi kuna tabaka moja tu la seli ndefu. Nywele za brashi zinaling'oa. Seli za ukuta huo huweka IL-1 alfa ndani yake ikiwa tayari imetengenezwa, na zikipasuka inamwagika bila kusubiri amri ya jeni. IL-1 inaamsha majirani watoe IL-8 na IL-6, IL-8 inaita nyutrofili (seli nyeupe zinazokimbilia jeraha), na nyutrofili hufika na vimeng'enya vyake vinavyokata protini. Ukirudi kuchukua sampuli wakati ukuta bado unajijenga, unapima ukarabati.

Ili kutenganisha vyanzo, usiangalie saitokini moja. Angalia kundi:

- IL-1 alfa, IL-6 na IL-8 zimepanda pamoja, nyutrofili wengi, damu kidogo kwenye suuzo, Nugent haijabadilika: shuku jeraha la kifaa.
- IL-1 beta juu lakini IP-10 (saitokini inayoita seli T) chini, pH zaidi ya 4.5, Nugent 7 hadi 10: hii ni sura ya vajinosisi ya bakteria.
- IP-10 imepanda waziwazi: pima klamidia, kisonono na trikomonasi kabla ya kusema neno lingine.
- IL-7 na TGF beta juu kwa ghafla kwa mtu mmoja mmoja: fikiria shahawa, na pima PSA (protini ya shahawa).

Mgawanyo huu si sheria. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na viwili au vitatu kwa pamoja. Lakini ukiona wote wamepanda kwa mtindo mmoja, bila kujali nani alipewa dawa na nani alipewa dawa bandia, mkono wa kliniki ndio wa kwanza kuhojiwa.

Marekebisho yanaanza kwenye muundo wa utafiti. Kundi linganishi lichukuliwe sampuli kwa vifaa vilevile, kwa idadi ileile, siku zilezile. Kundi lisilopewa dawa lakini pia lisilopigwa brashi halilinganishi chochote. Ukiweza, gawa kundi linganishi: nusu wapigwe brashi ziara ya kwanza, nusu wafanyiwe suuzo tu, kisha tazama ziara ya pili. Hiyo itakuambia kifaa chako, kwa mikono ya wauguzi wako, kinaacha alama kiasi gani. Ni kazi ya ziada, na wafadhili huwa wanaikata kwenye bajeti mwanzo kabisa. Itetee.

Kati ya brashi na brashi, tunapendelea mzunguko mzima wa hedhi. Wiki mbili tuzichukulie ndiyo sakafu. Ikiwa swali lako linahitaji sampuli kila baada ya siku tatu au nne, acha brashi kabisa kwa ziara za katikati na utumie swabu laini au kikombe.

Dalili: brashi imeleta seli chache, au hazina uhai

Uliza kwanza namna ilivyochukuliwa. Futa ute mzito wa mdomo wa mlango wa kizazi kwa swabu kubwa, bila kusugua. Ingiza brashi hadi nywele za chini kabisa zibaki zikionekana nje. Zungusha duara moja kamili, taratibu, kisha itoe. Duara la pili na la tatu huongeza damu kuliko zinavyoongeza seli T. Itumbukize mara moja kwenye tyubu ya mililita 50 yenye mililita 5 za RPMI baridi (kiowevu cha kulishia seli) yenye seramu ya ndama ya asilimia 10, kata mpini, funga. Kama seli zitakuzwa usiku kucha, ongeza penisilini na streptomaisini pamoja na amfoterisini B, la sivyo asubuhi utakuta fangasi wamekutangulia.

Kisha barafu. Hapa kuna kosa ambalo halionekani kwenye fomu yoyote: tyubu kulazwa moja kwa moja juu ya pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza. Upande mmoja unaganda, seli zinapasuka, na maabara inaandika "uhai mdogo" bila kujua kwa nini. Weka kadibodi au taulo kati ya pakiti na tyubu. Acha pakiti nje hadi zianze kutokwa jasho ndipo uzipange. Sanduku liwe kati ya nyuzi 2 na 8, na tyubu isimame wima.

Muda ni adui wa pili. Lenga saa mbili kutoka kitandani hadi meza ya maabara, usizidi nne. Katika jiji la foleni, hilo linaamua saa za kliniki: mshiriki wa mwisho wa brashi aingie kabla ya saa sita mchana, si saa tisa alasiri.

Maabara nayo ina lake. Seli hushikilia nywele za brashi kwa ute. Sugua brashi kwenye ukuta wa ndani wa tyubu, au brashi mbili zisuguane, kisha zipigwe kwa maji ya fosfeti baridi kwa pipeti mara 20 hadi 30. Pitisha kwenye chujio la mikroni 100. Vibonge vikikaidi, EDTA ya milimola 2 inavilegeza. Usivilegeze kwa kupiga pipeti kwa hasira, mapovu yanaua.

Halafu kuna idadi yenyewe. Ukihesabu kwa tripani bluu utaona seli nyingi ukafurahi, lakini wengi wao ni seli za ukuta, kubwa na bapa kama chapati zilizokunjwa pembe. Lukosaiti (seli nyeupe za kinga) ni wachache humo, na seli T ni wachache zaidi. Hesabu ya maana ni ya CD45 (alama ya lukosaiti) kwenye flo saitometa, mashine inayohesabu seli kwa alama zao, ukiwa na rangi ya kutenga seli zilizokufa, kwa sababu maiti hunasa kila kingamwili unachowapa. Endesha tyubu yote hadi ikauke. Mazoea ya kusimamisha mashine ikifika matukio 10,000 (seli zilizopita) yametoka kwenye damu, na hapa yanakuachia seli T thelathini za kujengea asilimia. Amua mapema kiwango cha chini cha seli za CD4 ambacho chini yake hutoi asilimia ya CCR5 (mlango ambao VVU huutumia kuingia kwenye seli), ukiandike kwenye mpango wa uchambuzi kabla hujaona data.

Dalili: sampuli ni nyekundu, au ni ya waridi hafifu

Ya waridi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu nyekundu kila mtu anaikataa.

Piga hesabu. Mikrolita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya ina limfosaiti kama 1,000 hadi 4,000. Mikrolita 10, tone lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, limebeba 10,000 hadi 40,000. Brashi nzuri inaweza isiwe na limfosaiti wa tishu wengi kiasi hicho. Yaani tone ambalo macho yanalisamehe linaweza kuwa ndilo sampuli yenyewe, na wewe ukawa unapima mkono wakati fomu inasema mlango wa kizazi.

Kwa kingamwili ni vilevile. Plazma ina IgG kama miligramu 10 kwa mililita. Tone hilohilo likiingia kwenye mililita 10 za suuzo, nusu yake ikiwa plazma, umeongeza mikrogramu 5 za IgG kwa kila mililita. Kwa suuzo iliyochanganywa na maji kiasi hicho, si kidogo.

Usidanganyike na kiyeyushi cha chembe nyekundu. Kinaondoa wekundu na kuacha limfosaiti wa damu wote mle ndani. Rangi inapotea, tatizo linabaki, na sasa huna hata cha kukushtua. Andika rangi kabla ya kuyeyusha, kwa kipimo cha 0 hadi 4 chenye picha ya mfano ukutani, ili watu wawili watoe alama moja. Kwenye suuzo tumia kijiti cha kupimia damu kwenye mkojo. Ni cha bei rahisi na kinaona ambacho jicho halioni.

Kwenye flo saitometa damu hujitambulisha. Seli T nyingi za tishu hubeba CD69, na sehemu yake CD103. Seli T za damu iliyotulia karibu zote hazina. Ukiona seli zisizo na uzoefu (CD45RA na CCR7 kwa pamoja) zimeongezeka, na seli B zimejitokeza kwa wingi, damu imeingia. Chukua pia tyubu ya damu ya mshiriki huyohuyo siku hiyohiyo uipange pembeni. Bila hiyo utakuwa unabishana na kumbukumbu.

Vyanzo vya damu, kwa mpangilio wa kuviuliza: mizunguko ya brashi kuzidi; suuzo kufanywa baada ya brashi; hedhi iliyoisha jana; matone ya katikati kwa anayetumia sindano ya Depo; ektopi, yaani seli za ndani kutokeza nje ya mdomo wa mlango wa kizazi, ambayo ni ya kawaida kwa wasichana na kwa wanaotumia homoni; klamidia au kisonono. Na kimoja ambacho miongozo ya Ulaya hukisahau: kichocho cha njia ya uzazi. Ukanda wa pwani na visiwa, na sehemu za Kanda ya Ziwa, wanawake waliokulia kwenye maji yenye *Schistosoma haematobium* wanaweza kuwa na mabaka kama chembe za mchanga na mishipa isiyo ya kawaida kwenye mlango wa kizazi, unaovuja damu ukiguswa tu. Mayai yaliyonasa humo pia huvuta seli za kinga. Mshiriki kama huyo anahitaji prazikwanteli, na data yake inahitaji alama yake ya pekee. Kumtupa kimyakimya kwenye "sampuli zilizoharibika" kunampotosha yeye na takwimu.

Dalili: nusu ya saitokini kwenye suuzo hazisomeki

Hapa tatizo huwa ni maji. Uke una majimaji kama mililita 0.5 hadi 0.75 kwa wakati mmoja. Mwaga mililita 10 za salaini: mwenye 0.5 amechanganywa mara 21, mwenye 0.75 mara 14 hivi. Hata kama wote wawili wana IL-6 sawasawa, mmoja ataonekana yuko juu kwa karibu nusu. Na bado hujahesabu salaini iliyobaki ndani au iliyomwagika kwenye shuka.

Punguza ujazo ikiwa itifaki inaruhusu, mililita 5 au hata 2, lakini usibadilishe katikati ya utafiti. Elekeza maji kwenye mlango wa kizazi na kuta zote mbili, yaache yatue kwenye mfuko wa nyuma wa uke, yavute kwa sirinji ileile, yarushe tena mara mbili au tatu. Andika kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka, kila mara. Kikitoka chini ya nusu, weka alama.

Kusahihisha kwa protini jumla ni desturi iliyoenea, nasi hatuipendi sana: inflamesheni na damu zenyewe zinapandisha protini, kwa hiyo unagawanya dalili kwa dalili. Kloridi ya lithiamu ikiwekwa kwenye maji ya suuzo kwa kiwango kinachojulikana inafanya kazi hiyo kwa uaminifu zaidi, maana lithiamu haipo ukeni kwa kiasi cha maana, na kadiri ilivyopungua ndivyo majimaji ya mwili yalivyoongezeka.

Sentrifuji kwa g 800 dakika 10, nyuzi 4, kisha ugawe mikrolita 250 hadi 500 kwa kila tyubu ndogo na uhifadhi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Usitupe mashapo, humo mna seli zilizokuwa zimelegea juu ya ukuta, na brashi inayofuata haitazipata tena. Kuyeyusha na kugandisha iwe mara moja tu. Friza iliyokatikiwa umeme usiku na kurudi kwenye baridi kabla ya asubuhi ni kuyeyusha pia, hata kama daftari halikuandikwa. Kirekodi joto cha bei nafuu kinamaliza ubishi.

Dalili: swabu mbili za mtu mmoja zinatofautiana mno

Swabu haijui imenyonya kiasi gani, mizani inajua. Pima tyubu na swabu kavu kabla, pima tena baada. Tuseme ilikuwa gramu 6.412, sasa ni 6.548: imebeba gramu 0.136, karibu mililita 0.136. Ukiongeza mililita 1 ya kiowevu cha kukamulia, umechanganya mara 8.4. Rudisha kila namba kwenye kipimo chake cha asili kwa kuzidisha, ndipo ulinganishe.

Nyenzo pia zina tabia zake. Pamba na sponji za selulosi hushikilia baadhi ya saitokini zisitoke. Kuongeza chumvi kidogo kwenye kiowevu cha kukamulia, pamoja na vizuia vimeng'enya vya kukata protini, husaidia. Ila usiamini kwa neno la mtu: weka kiasi unachokijua cha saitokini kwenye sponji mpya, kamua, pima. Ikirudi asilimia 80 hadi 120, endelea. Ikirudi 30, saitokini hiyo haipimiki kwa sponji hiyo, na orodha yako ya vipimo ipunguzwe. Mstari wa kipimo cha mashine, yaani viwango unavyovijua vya kulinganishia, nao uandaliwe ndani ya kiowevu hichohicho.

Dalili: mashine ya shanga (inayopima saitokini) inaziba kwa sampuli za kikombe

Kikombe kinatoa majimaji yasiyochanganywa na maji, ndiyo sababu kinaona saitokini ambazo suuzo haizioni. Bei yake ni ute. Changanya 1 kwa 10 na maji ya fosfeti, zungusha, kisha pitisha kwenye chujio la sentrifuji la selulosi asetati la mikroni 0.45. Wengine hukimbilia DTT kuyeyusha ute. DTT inakata madaraja ya salfa, na madaraja hayo ndiyo yanayoshikilia IgA, IgG na saitokini nyingi katika umbo linalotambuliwa na kipimo. Ute utayeyuka, na kingamwili uliyokuwa unaitafuta nayo itayeyuka.

Dalili: kingamwili zinapanda na kushuka bila sababu

Kabla ya kutafuta chanzo maabara, fungua kalenda. IgG na IgA za mlango wa kizazi hushuka siku za yai kupevuka na kupanda nyakati nyingine za mzunguko. Ziara zikipangwa kwa nafasi za gari la mradi badala ya siku za hedhi, mawimbi hayo yatakuwa ndiyo matokeo yako. Chagua dirisha moja la mzunguko kwa kila mshiriki, ulithibitishe kwa projesteroni ya damu, na aliye kwenye Depo mpange kwa idadi ya wiki tangu sindano.

Shahawa ni mgeni mwingine asiyepiga hodi. Majimaji yake yana TGF beta, IL-7, IL-8 na prostaglandini kwa wingi, mbali na kingamwili za mwanamume mwenyewe. Kuuliza kunategemea namna ya kuuliza. "Umefanya ngono siku mbili zilizopita?" huzaa "hapana" nyingi, hasa mshiriki akijua kwamba "ndiyo" itamrudisha nyumbani bila nauli. "Dada, mara ya mwisho kukutana na mwenzi wako ilikuwa siku gani, na kondomu ilitumika hadi mwisho?" huzaa jibu la kutumika, na nauli itolewe kwa vyovyote. Kisha pima PSA. Hupungua hadi kiwango cha kawaida ndani ya saa 48 hivi, kwa hiyo kipimo hasi hakimaanishi wiki nzima bila tendo. Kinahusu siku moja au mbili za karibuni tu.

Uliza pia kuhusu kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au maji yenye dawa, na kuhusu vilainishi. Jeli nyingi za dukani zina gliserini na glaikoli zinazonyonya maji kutoka kwenye seli. Tamko la WHO na washirika wake la 2012 liliweka ukomo wa osmolaliti (nguvu ya kunyonya maji) wa 1,200 mOsm/kg, huku lengo likiwa chini ya 380. Jeli ya spekula nayo ni jeli, na baadhi yake ina klorheksidini inayoua bakteria uliokuja kuwahesabu.

Dalili: biopsi haina CCR5

Mara nyingi CCR5 ilikuwepo, kimeng'enya cha kusagia tishu ili seli zitoke kikainyoa. Tripsini ina sifa mbaya zaidi, lakini hata kolajenasi hutofautiana kutoka shehena hadi shehena. Chukua limfosaiti wa damu wenye CCR5 inayojulikana, wapitishe kwenye kimeng'enya hichohicho, joto hilohilo, dakika zilezile. Wakitoka wamenyolewa, punguza muda au badili shehena.

Biopsi ya milimita 3 ni ndogo machoni, lakini ni mlango uliofunguliwa. Mshiriki aelezwe kwa lugha anayoiota: siku 10 hadi 14 bila kuingiliwa, bila tamponi, bila kujiosha ndani, damu ikizidi pedi moja kwa saa, apige simu namba hii, na namba hiyo ipokelewe hata usiku. Kwa mwanamke anayeishi kwa biashara ya ngono, siku 14 ni kodi ya nyumba. Kama bajeti ya utafiti haina fidia ya siku hizo, ataingia kazini na kidonda, nanyi mtakuwa mmempa hatari mliyokuja kuipima. Katika hali hiyo biopsi isifanywe, itifaki ibaki na brashi.